MZEE ASIKETISHWE KUTWA NZIMA



Katika vijiji vyetu mzee huheshimiwa. Akishika jembe, kijana humpokea. Akibeba ndoo, mjukuu hukimbia kuichukua. Huambiwa, "Bibi, kaa. Umefanya kazi ya kutosha." Desturi hii ni njema. Lakini mimi naona tumeizidisha, na sasa inawaumiza wazee wetu.

Nyumbani kwetu tulimfanyia hivyo bibi yangu. Tulimnyang'anya jembe kwa mapenzi. Tulimwekea kiti chini ya mwembe, akawa anakaa hapo tangu asubuhi hadi jioni. Siku moja alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango. Hakuanguka kwa kishindo. Hata hivyo nyonga ilivunjika. Hakutembea tena bila kushikwa. Siwezi kusema kwamba kiti peke yake kilimvunja. Uzee nao ulikuwamo. Lakini naamini kiti kilisaidia.

Kwa nini nasema hivi? Mfupa si mti mkavu. Mfupa una uhai. Mwili hubomoa mfupa wa zamani kidogo kidogo na kujenga mpya. Mpaka umri wa miaka 30 hivi, mifupa huongezeka nguvu. Uzee ukikaribia, kubomoa huzidi kujenga. Kwa akina mama, mifupa hupungua haraka zaidi baada ya kukoma hedhi.

Mfupa hupata nguvu kwa kubeba uzito. Usipotumika hudhoofika. Je, umewahi kumwona mtu aliyefungwa plasta mguuni? Plasta ikitolewa, mguu umekonda. Ndani, mfupa nao umepungua. Akianza kutembea, nguvu hurudi polepole. Mzee anayekaa kutwa nzima ni kama amefungwa plasta mwili mzima.

Tufanye nini?

1. Mzee atembee. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima, pamoja na wazee, wafanye mazoezi kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, kwa siku 5.

2. Aachiwe kazi anayoiweza. Apalilie bustani, afagie uwanja, achote maji kwa ndoo ndogo. Asiinue mzigo mzito.

3. Ainuke kitini na kuketi tena, mara 10. Kisha ashike nguzo, asimame kwa mguu mmoja, ahesabu hadi 10. Abadilishe mguu. Hili huipa miguu nguvu ili asianguke ovyo.

4. Ale dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa, maharage na mboga za majani. Vyakula hivi vina madini ya chokaa yanayojenga mfupa. Jua nalo huusaidia mwili kuyatumia madini hayo. Basi mzee asifungiwe ndani.

5. Tuondoe mawe na visiki katika njia ya chooni. Usiku awe na taa. Husemwa kuwa ajali haina kinga, lakini hii inayo.

Mzee mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua, au mgongo ulioanza kuuma ghafla, afike kwanza zahanati. Asianze mazoezi kabla ya kupimwa.

Nanyi vijana, msidhani habari hii ni ya wazee tu. Mtoto anayecheza, kukimbia na kuruka kamba anajiwekea akiba ya mifupa. Akiba hiyo ataitumia uzeeni.

Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni mdogo kwenu, na si adabu kijana kumwambia mzee akalime. Lakini kazi yangu katika zahanati ya kijiji hainiruhusu kunyamaza. Msikubali kunyang'anywa jembe lote. Na wewe kijana, kesho ukienda shambani, nenda na bibi yako. Mpe mstari mmoja mfupi wa kupalilia. Akimaliza, ndipo umwekee kiti chini ya mwembe.