Silaha Zikipunguzwa Makali, Mpiganaji Aulizwe

Mwaka 2024 ulizuka mzozo ambao haukumwaga hata tone la damu, lakini unastahili kutafakariwa na kila avaaye sare. Ulihusu Helldivers 2, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Arrowhead ya Sweden na kutolewa na Sony tarehe 8 Februari mwaka huo. Humo watu hadi wanne, kila mmoja akiwa kwake, huungana kwa njia ya intaneti na kupigana bega kwa bega dhidi ya majeshi ya wadudu na mashine yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe. Katika majuma 12 ya kwanza ziliuzwa nakala milioni 12.

Mwezi Machi watengenezaji waliona kwamba wachezaji wengi wanang'ang'ania silaha chache, hasa ile iitwayo Railgun, na kuziacha nyingine zikiota kutu. Wakaipunguza nguvu. Nia yao ilikuwa kila silaha ipate kazi yake. Lakini madubwana yenye magamba mazito, yaliyowafanya watu waikimbilie silaha hiyo, yakaachwa kwanza vilevile. Manung'uniko yakaanza.

Tarehe 6 Agosti ikawa zamu ya bunduki ya kutupa moto. Moto wake haukuwaunguza tena maadui wenye magamba kama zamani. Siku mbili tu baadaye kampuni ikatoa mkusanyiko mpya wa silaha za moto. Ni kama mchuuzi azimwagiaye kuni maji kisha azipeleke sokoni! Wachezaji wakaghadhibika, wengi wakaandika malalamiko, wengine wakauacha mchezo. Wako pia waliotukana, na hao hatuwaungi mkono, kwa kuwa tusi halijapata kurekebisha silaha yoyote.

Hapo tujiulize: haki ilitafutwa kwa ajili ya nani? Katika michezo ambayo mtu hushindana na mtu, silaha iliyozidi humwonea mwenzake, na kuipunguza ni haki. Katika Helldivers 2 aliyepigwa ni mdudu wa kompyuta, naye hakulalamika. Hasara yote ikamwangukia mpiganaji.

Kwa bahati njema, uongozi ulisikia. Mkurugenzi wa mchezo, Mikael Eriksson, aliahidi marekebisho katika muda wa siku 60. Tarehe 17 Septemba silaha nyingi ziliongezwa nguvu, na magamba ya baadhi ya maadui yakapunguzwa ugumu. Lawama zikaanza kugeuka sifa.

Hatusemi kwamba mkuu apige kura kabla ya kutoa amri. Jeshi la namna hiyo halifiki popote. Tunasema kwamba mezani huonekana hesabu ya risasi, na uwanjani huonekana zilikoishia. Amri njema huhitaji yote mawili. Taarifa ya aliye mstari wa mbele, ikitolewa kwa adabu na kwa njia zake, si uasi.

Tena mchezaji hana kiapo. Akichoka huzima kompyuta yake akalala. Askari hana ruhusa hiyo: hubaki na silaha aliyopewa, na usiku ni mrefu. Kwa hiyo, ikiwa watengenezaji wa mchezo walilazimika kumsikiliza mtu awezaye kuondoka, wajibu wa kumsikiliza asiyeweza kuondoka ni mkubwa zaidi.