Vazi la Kale Lisishonwe kwa Kubahatisha

Kila inapofanyika sherehe ya kitaifa katika wilaya zetu za Bukoba na Muleba, vikundi vya ngoma hupanda jukwaani vikiwa vimevaa kile kinachoitwa vazi la mababu. Tumeyatazama mavazi hayo hapa Kagoma na kwingineko, na hatuna budi kusema wazi kwamba mengi si ya mababu hata kidogo. Ni kitambaa cha dukani chenye rangi ya udongo, kimepigwa pindo kwa cherehani na kubanwa kwa pini. Watazamaji hupiga makofi, watoto huamini, na uongo hugeuka historia.

Vazi la lubugo lilikuwa na kanuni zake. Gome la ndani la mti wa jamii ya mkuyu, ambao Waganda huuita mutuba, lilibanduliwa wakati wa mvua, na shina likavikwa majani ya migomba ili lipone. Kisha gome lilipondwa kivulini kwa nyundo za mti zenye mifuo, hadi likawa laini, pana na jekundu kama udongo. Vazi halikuwekewa mikono wala kola. Lilizungushwa mwilini na kufungwa begani. Sindano ilihitajika palipokuwa na tundu, au palipounganishwa vipande viwili, na hapo ndipo ustadi wa fundi ulipopimwa.

Wala ushonaji huo haukuwa duni. Mwingereza John Hanning Speke, aliyepita Karagwe kwa Mukama Rumanika mwaka 1861, alifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862. Aliandika kwamba watu wa huko walivaa joho la lubugo lililonyooka kama lililotiwa wanga, na juu yake joho la ngozi za paa wadogo, zilizoshonwa kwa ustadi usiopungua ule wa washona glavu wa kwao. Naye hakuwa mtu mwepesi wa kutusifu.

Ndugu zetu wa visiwani wanaujua uchungu wa kusimuliwa vibaya. Habari za Bumbire za mwaka 1875 ziliandikwa na Henry Morton Stanley, yule yule aliyewarudia wakazi wake kwa bunduki mwezi Agosti mwaka huo. Leo kikundi kinapoigiza habari hizo kwa kuwavika wahusika matambara yaliyochanwachanwa, kinaikamilisha kazi ya Stanley kwa mikono yetu wenyewe.

Sisi wa Chama nasi hatuna budi kujikosoa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili kurudisha fahari yetu. Lakini ilipofika miaka ya 1967 na 1968, kampeni ya kuwavua Wamasai mavazi yao ya ngozi iliendeshwa kwa jina la maendeleo. Aliyezoea kuliona vazi la kale kuwa aibu hawezi kulishona kwa heshima.

Wenzetu wa Uganda walizinduka mapema. Ufundi wao wa lubugo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwambao nao haukulitupa joho. Bwana harusi bado hulivaa, na fundi wake hatarizi pindo kwa kukisia.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, maofisa utamaduni wawaendee wazee wa bara na wa visiwani, waandike namna vazi lilivyofungwa, nani alilivaa na kwa shughuli gani. Pili, halmashauri zipande miti ya lubugo katika mashamba ya shule, kwani pasipo gome hakuna vazi. Tatu, kikundi kisicho na lubugo kisizuiwe kucheza, bali kitangaze kwamba vazi lake ni mfano tu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Historia ya kuazima nayo haisitiri taifa.