Acheni Kuwasukuma Watoto Kwenye Ndoa ya Makaratasi

Tuache kudanganyana. Kila mtaa wa Kitale unamjua kijana aliyeoa makaratasi. Kila kijiji cha Bungoma, kuanzia Kimilili hadi Chwele, kina binti aliyeolewa majuu na mwanamume ambaye mama mkwe hajamwona hata kwa picha. Tunajua. Tunanong'ona matangani, tunanyamaza kanisani.

Nimechoka kunyamaza.

Na ninayemkasirikia si mtoto. Mtoto yuko Minnesota au Texas, karo imemshinda, muda wake wa kukaa unayoyoma, na kila usiku simu inalia kutoka nyumbani. Ninayemkasirikia ni wewe unayepiga hiyo simu. Mjomba. Shangazi. Mwenyekiti wa kamati ya harambee. Wewe uliyeshika maikrofoni ukasema "tunampeleka mtoto wetu ng'ambo", kisha shahada ilipoisha ukamwambia asithubutu kurudi mikono mitupu.

Nilikaa kwenye kikao kama hicho Kiminini. Simu iko juu ya meza, spika imewashwa, chai inazunguka. Kijana anaeleza kwamba amemaliza masomo, kazi ya fani yake hajapata, siku zimebaki chache. Kimya. Halafu mzee mmoja akaiinamia ile simu: "Kwani huko hakuna wanawake? Oa mwenye pasipoti yao. Mengine tutapanga."

Watu wakaguna kukubali. Mke wa kijana huyo alikuwa papo hapo, birika mkononi, akiwamiminia chai. Mke aliyetolewa ng'ombe. Nani alimwuliza? Nani alimtazama usoni?

Mengine tutapanga! Yapi hayo? Mnayajua?

Basi yasikieni. Sheria ya Marekani inasema anayefunga ndoa ili kukwepa sheria za uhamiaji ni mhalifu: kifungo hadi miaka 5, faini hadi dola 250,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Uzeni shamba lote la ukoo, mwone kama zitatimia.

Na jela si mwisho. Uhamiaji wakishathibitisha kwamba ndoa ilikuwa ya kughushi, hakuna ombi la ukaazi atakalofanyiwa tena likapita. Hata baadaye akipendana na mtu kwa dhati. Hata mwajiri akimtaka. Mlango umefungwa, na aliyeusukuma ukafungika ni yule mzee wa Kiminini.

Mnasema hawatajua. Watajua! Tangu sheria ya 1986, ambaye ndoa yake haijatimiza miaka 2 hupewa ukaazi wa masharti wa miaka 2 tu. Kabla haujaisha, mume na mke huandika ombi pamoja wakionyesha kwamba kweli wanaishi pamoja: mkataba wa nyumba, akaunti ya benki, bili, picha. Wakishukiwa, hutenganishwa, huyu chumba hiki na yule chumba kile, wanaulizwa maswali yaleyale. Jana usiku mlikula nini? Nani huamka kwanza? Njia ya mwongo ni fupi, na hapo ndipo inapoishia.

Uingereza nako msijidanganye. Huko mgeni akitaka kuoa, tangazo la siku 28 linaweza kurefushwa hadi 70 ili wachunguze kama ndoa ni ya kweli.

Na kabla hamjasema wazungu wana roho mbaya, someni sheria zenu. Katiba ya Kenya, Ibara ya 15, inamtaka mgeni aliyeoa au kuolewa hapa akae katika ndoa miaka 7 ndipo aombe uraia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inakataa ndoa iliyofungwa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji. Yaani tunawafundisha watoto wetu kufanya kwa watu kile ambacho sisi wenyewe hatukubali kufanyiwa.

Sasa turudi kwa yule mwenye birika, maana hapa ndipo panaponichoma.

Fomu za Marekani zinauliza: umewahi kuoa? Una watoto wangapi? Taja wote. Kijana wetu anaandika "sijawahi". Anaandika "sina". Anaapa. Lakini ndoa ya kimila ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua, na kuivunja ni kazi ya mahakama. Huwezi kutoa ng'ombe Chwele, kisha uape Minneapolis kwamba wewe ni kapera. Ndoa ya pili hiyo mbele ya sheria yao ni batili tangu siku ya kwanza, na kiapo chake ni uongo mwingine juu ya uongo.

Na mtoto? Yule wa darasa la tatu anayesubiri baba atume viatu? Amefutwa kwa kalamu. Siku baba atakapotaka kumchukua, faili litasema hakuna mtoto kama huyo. Atachagua nini: kumkana tena, au kukiri kwamba alidanganya na kupoteza kila kitu? Mlipokuwa mkiguna kukubali, mlilifikiria hilo?

Faili halisahau. Barack Obama Mkubwa wa Kogelo alifika Hawaii 1959, mke akiwa amebaki nyumbani. Mwaka 1961 akamwoa Mmarekani, Ann Dunham. Sisemi ndoa ile ilikuwa ya makaratasi, sina sababu ya kusema hivyo. Nasema maofisa wa uhamiaji walikuwa tayari wanaandika kuhusu wake zake kwenye faili lake, na 1964, akiwa Harvard, aliponyimwa nyongeza ya muda, alirudi Kenya bila shahada ya uzamivu aliyoifuata. Huyo ni msomi wa zama za kalamu na karatasi. Wako wa zama za kompyuta atajificha wapi?

Tena wanaoumia hawaishii kwenye faili. Aliyenunua ndoa huendelea kuilipia. Mwenye pasipoti akikasirika anatishia: nitawaandikia uhamiaji. Kijana anaongeza dola. Anapigwa, ananyamaza. Mama yake anafariki, na ombi lake bado liko mezani. Akisafiri bila kibali maalumu limehesabiwa kuachwa. Anamzika mama yake kupitia simu. Nyinyi mko kaburini mnauliza: kwani huyu ameacha kutupenda? Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili mlilichuma nyinyi, yeye akalila peke yake.

Kinachonitia hasira zaidi ni kwamba mara nyingi hofu yenyewe ni ya ujinga. "Viza imeisha!" Imeisha nini? Viza ya Marekani ni ya kuingilia. Mwanafunzi anayeendelea na masomo yake kihalali hafukuzwi kwa sababu tarehe ya kwenye pasipoti imepita. Akimaliza ana siku 60 za kujipanga. Na akiomba mapema, anaweza kuruhusiwa kufanya kazi ya fani yake miezi 12, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati huweza kuongezewa 24. Kila chuo kina ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya kueleza haya. Ni wangapi kati yenu mlimwambia mtoto aende huko kwanza? Mlimwambia aoe.

Mbona tunafanya hivi? Kwa sababu tuliuza ploti. Kwa sababu kiwanda cha Pan Paper cha Webuye kilikufa, kwa sababu mahindi ya Trans Nzoia hayamlipi mkulima, kwa sababu kila mtoto anayepanda ndege tumemgeuza kuwa kiwanda chetu. Mkono mtupu haulambwi, tunasema, na mtoto anatuelewa vizuri mno. Mwaka 2023 tuliwaona majirani zetu wa Uasin Gishu wakiandamana Eldoret, wakilalamika kwamba karo waliyoilipa kupitia kaunti haikufika vyuoni Ufini na watoto wao wako hatarini kufukuzwa. Tuliwahurumia. Ila mtoto wetu akikwama vivyo hivyo, huruma yetu inaishia wapi?

Anayependa aoe. Mswahili, Mzungu, Mhindi, Mkorea, aoe kwa moyo wake na hata wiki ya mwisho ya muda wake si dhambi. Amwone wakili, aseme ukweli wa nyumbani wote, na kama ana mke hapa, hilo limalizwe kwanza mahakamani, mke na watoto wakiwa na haki zao. Simpigi vita mwenye ndoa. Napigana na kikao.

Kwa hiyo wenye kamati za Kitale na Bungoma, mnaojua kuchanga nauli ya kwenda, nawaambia waziwazi: anayekwama na akakubali kurudi, itisheni kikao kilekile, na wageni walewale, mmchangie nauli ya kurudi. Na atakayemcheka uwanja wa ndege, mfukuzeni kwenye kamati.