Busia na Malaba: Wanapima kama Utaambukiza Samaki, si kama Friza Inakumaliza

Kama ulikuwa pande za Malaba Januari 2022, unaikumbuka ile foleni. Uganda ilitaka kila dereva wa lori apimwe Korona mpakani, dola 30 kwa kichwa, na madereva wakazima injini wakakataa. Malori yakapanga kilomita na kilomita upande wetu, mafuta yakaanza kuadimika Kampala, mwishowe Uganda ikaondoa hiyo ada.

Stori iliisha hapo kwa wengi. Lakini angalia kile kilikuwa kinapimwa. Haikuwa afya ya dereva. Ilikuwa kuwalinda wengine dhidi ya dereva. Kwamba msee amelala kwa kiti siku kadhaa, mgongo umeisha na presha iko juu, hiyo haikuwa kwa fomu yoyote.

Sasa hesabu hiyo hiyo ipeleke kwa wasee wa baridi. Wako wengi kuliko unavyodhani: wanaopakia samaki na barafu kule Port Victoria na Sio Port, wanaoshusha katoni kutoka kwa lori za friza, vijana wa buchari na supamaketi wanaoingia chumba cha baridi mara ishirini kwa siku. Nyama na samaki waliogandishwa hukaa kwa digrii 18 chini ya sufuri. Nje Busia jua linapiga digrii 30 hivi. Kila ukifungua huo mlango, mwili unaruka karibu digrii 50, na wengi wanaruka wakiwa na tisheti na sweta ya mtumba.

Usiseme hawapimwi. Wanapimwa. Ukishika chakula cha watu Kenya lazima uwe na cheti cha afya, na unakirudia kila miezi sita. Unatoa choo, wanatafuta taifodi na minyoo, unagongewa muhuri, unarudi job. Ni poa, hakuna mtu anataka samaki na taifodi. Lakini hicho cheti kinauliza swali moja tu: wewe utamdhuru mteja? Hakuna mahali kinauliza kama kazi inakudhuru wewe.

Na baridi hudhuru, hata kama huoni barafu kwa ndevu. Mishipa ya damu inajikaza, presha inapanda, moyo unapiga kazi zaidi. Hewa kavu ya friza inaamsha asma. Kuna watu vidole vinageuka vyeupe na kufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakijui kisu kimepita.

Halafu kuna ile ambayo mimi naona ndio kubwa zaidi huku kwetu: selimundu. Ukanda wa ziwa, Busia ndani, ni kati ya sehemu za Kenya zenye huu ugonjwa kwa wingi, na sababu ni malaria. Ukiwa na jeni moja ya selimundu unapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hivyo ikabaki kwa familia zetu vizazi na vizazi. Ukirithi mbili, baba na mama, ndio unaugua. Na moja ya vitu vinavyoamsha yale maumivu ya mifupa ya kulaza mtu hosi ni baridi ya ghafla. Wengine wamekua wakiambiwa ni malaria tu, ama mifupa. Sasa mtu kama huyo anapata kibarua cha friza, anafurahi, na hakuna mtu amemuuliza swali hata moja.

Kuuliza hakuna gharama. Kuna kiwango cha kimataifa cha kazi za baridi, ISO 15743 cha 2008, na hatua yake ya kwanza kwa afya ni karatasi ya maswali. Unakohoa ukiingia baridini? Vidole hubadilika rangi? Kifua hubana? Ukijibu ndiyo, unaongea na nesi ama dokta, na wachache tu ndio wanafika kwa vipimo vyenyewe. Manze, hiyo si lazima uwe Ulaya. Ni kalamu na dakika kumi.

Mdosi atakwambia, hawa ni vibarua wa siku mbili. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 haijali. Inahusu kila mahali mtu anafanya kazi, iwe ya kudumu ama ya muda, na inamtaka mwajiri alinde afya ya wote. Mkaguzi wake yuko, ni idara ya DOSHS ya serikali kuu. Lakini kwa hii mitaa, cheti cha chakula ndicho kinaulizwa, juu kina ada na kina faini. Koti la friza halimuingizii mtu yeyote doo.

Kuna hofu pia, na ni ya ukweli. Ukisema una asma, kesho unaambiwa usikuje. Ndio maana wasee wananyamaza. Kwa hivyo kipimo kikija kama chujio la kufuta watu, bora kisikuje. Kinafaa kuja na mpango: huyu ashike mizani nje, yule aingie dakika chache atoke apashe mwili moto, wote wapewe glavu, gambuti na koti la maana. Kwa virusi vya Ukimwi tulishafika huko, sheria ya 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ndio apewe kazi.

Hadi wakaguzi wajitokeze, kuna kitu kidogo. Siku unaenda kurudia cheti cha miezi sita, uko tayari mbele ya mtu wa afya na damu yako iko karibu. Mwambie unafanya kwa friza. Omba akupime presha, na uulize kipimo cha selimundu wanafanya wapi, hasa kama kwenu kuna mtoto ama ndugu huwa analia mifupa.