Wakili Afikaye Baada ya Sahihi

Kijana wa Kabati, Kitui, ajiungapo na Jeshi la Ulinzi la Kenya havui uraia wake. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa haki ya wakili, hata katika mahakama ya kijeshi, na Kifungu cha 25 chakataza haki hiyo kupunguzwa. Lakini Kifungu cha 24 chairuhusu sheria kumpunguzia askari haki za aliyekamatwa, ikiwamo ya kuwasiliana na wakili. Hapo ndipo penye kasoro. Kesi huanza katika chumba cha mahojiano, askari atiapo sahihi maelezo yake mbele ya mkubwa ambaye amezoea kumpigia saluti. Wakili ajaye baadaye, awe hodari namna gani, hukuta maneno yamekwisha kuandikwa. Mwanya huo uzibwe. Siri za jeshi zaweza kulindwa kwa kumwapisha wakili.