NDUGU WA WALIOFIA SHAKAHOLA WASIOGOPE



Natoa maoni yangu juu ya maiti za Shakahola. Hapa Malindi wengi husema kwamba Serikali ingekuwa na mashine za kutosha, kila maiti ingekwisha pata wenyewe. Lawama hiyo naikubali nusu.

Makaburi ya msitu ule yalianza kufukuliwa Aprili 2023, zikatolewa maiti 429 mwaka huo. Zile 34 za kwanza kutambuliwa zilianza kukabidhiwa jamaa Machi 2024. Kuchelewa huko hakuna udhuru.

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Daktari akipewa mifupa ya mtu mzima, nyonga humwambia kama ni mwanamke au mwanamume, na mfupa wa paja humpa makadirio ya urefu. Meno humwonyesha umri wa mtoto. Jina hakuna. Mwenye kitambulisho huweza kujulikana kwa alama za vidole, ikiwa ngozi ingalipo. Na miongoni mwa waliofia Shakahola walikuwamo watoto wengi, ambao hawajachukuliwa alama hizo. Ama kumbukumbu za daktari wa meno, ni wangapi kati yetu tunazo?

Basi hubaki DNA, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Kipimo hicho hakitaji jina la mtu. Hulinganisha mfupa au jino la marehemu na mate ya ndugu aliye hai. Ndugu asipokuja, mashine hata zikiwa mia hazisaidii kitu. Tena kuna nyumba ambazo baba, mama na watoto waliangamia pamoja. Nani atatoa mate? Si lazima awe mzazi. Nyanya mzaa mama, au dada wa mama, ana sehemu ya urithi aliyokuwa nayo mtoto yule, kwa sababu sehemu hiyo hupitia kwa mama peke yake. Jambo hili sijasikia likielezwa barazani hata siku moja.

Nina jirani ambaye dada yake aliingia msituni na wanawe, hawakuonekana tena. Hajaenda kutoa mate mpaka leo. Aniambia anaogopa kuandikwa polisi kama mshirika wa wahubiri wale, na anaona haya mbele ya watu. Mimi simcheki. Wako wengi kama yeye, na mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, papa hapa Kilifi.

Kwa hiyo naomba machifu waamriwe kutangaza wazi kwamba mwenye kutoa mate hashitakiwi wala halipi chochote. Na kwa kuwa marehemu walitoka pembe nyingi za Kenya, maofisa wawafuate jamaa huko huko vijijini, badala ya kumtaka bibi kizee asafiri kutoka Nyanza hadi Malindi kwa nauli yake.

Mwalimu Mstaafu,
Malindi.