Kibaba Hakimwagwi Haba na Haba

Mtu akipimwa na kukutwa na sukari, iwe ni Umoja au Kayole jijini Nairobi, ushauri wa jirani, shemeji na mama mboga huwa mmoja: punguza polepole, usishtue mwili. Vijiko vitatu viwe viwili, chapati mbili ziwe moja na nusu. Methali nayo haikosi, haba na haba hujaza kibaba, na hakuna anayegundua kwamba methali hiyo inazungumzia kujaza. Kuhusu kumwaga haikusema neno.

Tazama chakula chenyewe kinavyofika mezani. Nyumba nyingi za Eastlands huchemsha chai ya maziwa na sukari yake humo humo. Huna kijiko chako cha kupunguza. Kuna sufuria ya watu sita, na mgonjwa ni mmoja. Sukari ni ya kupima, mafuta ni ya kupima, yote hununuliwa jioni kwa jioni. Basi anayepunguza kidogo kidogo huamua upya kila siku, tena saa mbaya kabisa, ameshuka matatu ya Jogoo Road akiwa na njaa na steji nzima inanukia chipo na smokie. Hana siku aliyoanza wala mpaka aliovuka, hivyo hata akiteleza hajui kama ameteleza. Aliyesema chai ya nyumba hii haitiwi sukari tena ameshaamua, na sheria ni ya sufuria nzima. Hata huko kununua kadogo kadogo, adha ya mfuko mwembamba, hapa inamfaa: hakuna gunia la kumaliza kwanza. Asiponunua leo, haipo.

Hata kwenye kupunguza uzito, wataalamu wengi nao walishikilia kwamba unaoshuka haraka hurudi haraka. Watafiti wa Melbourne waliipima imani hiyo kwa watu 200, wengine wakipunguza kwa wiki 12, wengine kwa wiki 36, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo. Kati ya wale wa haraka, asilimia 81 walifikia lengo. Wa polepole, asilimia 50. Takriban miaka mitatu baadaye, waliokuwa wamefaulu katika makundi yote mawili walikuwa wamerudisha kama asilimia 71 ya uzito waliopoteza. Si habari ya kushangilia, lakini upole wa mwendo haukumkinga mtu.

Anayehofia mwili kushtuka aende Majengo, Pumwani, mwezi wa Ramadhani ukiandama. Mtaa hubadilisha saa za kula kwa usiku mmoja. Kweli, Idi ikifika watu hurudi walikotoka, ila mfungo ulikuja na tarehe yake ya mwisho. Chai isiyo na sukari haina haja nayo. Pingamizi la dawa ni zito zaidi: anayetumia insulini au baadhi ya tembe za kushusha sukari akikata wanga ghafla anaweza kuzirai, kwa hiyo aanzie kwa daktari arekebishiwe dozi. Hapo kinachopangwa ni dawa, wala si udhuru wa kuendelea kupunguza robo chapati. Limebaki la chumvi. Uingereza iliipunguza polepole, kutoka wastani wa gramu 9.5 kwa siku mwaka 2003 hadi 8.1 mwaka 2011, na ilifaulu kwa kuwa viwanda ndivyo vilivyopunguza, mlaji akila mkate wake bila habari. Kayole anayenunua, anayepika na anayekula mara nyingi ni mtu yule yule. Atajificha vipi asijione?